Damu ya Mtu Asiyeweza Kukataa

Jumanne, Meru. Manyunyu hayajakatika tangu asubuhi, na mimi leo sijielewi kabisa.

Makena, mdogo wangu, amelazwa hapa mjini. Ana uvimbe tumboni, amevuja damu mpaka midomo imepauka, na kesho asubuhi anatakiwa kupasuliwa. Tuliambiwa ataongezewa damu kutoka akiba ya hospitali, ila mtu wetu aje kwanza arudishe nyingine. Bila hiyo, upasuaji unaahirishwa. Ukimwangalia Makena unajua hawezi kuahirishwa.

Nilikunja mkono wa sweta kwa madaha. Mimi ndiye mwalimu anayewachosha wanafunzi kila muhula kwa hotuba ileile: damu hutolewa kwa hiari, bila kujua unampa nani, bila kusukumwa na mtu.

Wakanikataa. Nilitoa mwezi jana kanisani, na mwili haujarudisha. Nikauliza kama ile ya mwezi jana haiwezi kuhesabiwa. Sista akaniambia kwa upole kwamba ile ilishaenda kwa wenyewe.

Wenyewe ni nani, jamani, kama si dada yangu?

Nilikasirika. Naandika hapa kwa sababu siwezi kuwaambia wanafunzi wangu.

Mume wa Makena alikataliwa kwa sababu ya presha, Baba kwa sababu ya umri. Tukakaa kwenye benchi tukitazamana. Halafu Baba akavaa kofia yake, akatoka bila kuaga.

Alienda soko la Gakoromone. Alipita sokoni akiuliza watu ukoo wao, mpaka akampata muuza vitunguu anayeitwa Mutwiri, ambaye hatujawahi kumwona. Ukoo wake na wetu ni gichiaro. Mababu walikula kiapo: hatuoani, hatumwagiani damu, na mmoja akiomba kitu, mwingine hakatai. Anayekataa anajiletea laana. Mimi nilidhani mambo hayo yalibaki kwenye hadithi za nyanya.

Mutwiri alimwachia jirani vitunguu vyake, akaja na aproni yake kiunoni.

Sista alipomuuliza yeye ni nani kwa mgonjwa, alijibu, "Ni wetu." Basi. Akaanza kuulizwa yale maswali ya afya, na nikaona kila mara anamtazama Baba kabla ya kujibu. Hapo roho yangu ikaruka. Mtu asiyeweza kukataa, je, anaweza kusema kwamba anaumwa? Najua kila damu hupimwa. Nawafundisha watoto hivyo. Bado nilitaka kusimama niseme mwacheni, na bado nilitaka wamdunge haraka.

Nikabaki nimeketi. Wakamdunga.

Alifumba macho muda wote. Jasho lilimtoka huku nje kuna baridi ya kutetemesha. Baba naye alikuwa amegeukia ukutani, maana wazee walikataza kumwaga damu ya gichiaro, na sasa ilikuwa inajaza mfuko nyuma yake kwa ombi lake mwenyewe. Sijui kama ameomba msamaha kimoyomoyo. Sikuthubutu kumuuliza.

Nilimpelekea Mutwiri soda. Nikamuuliza kama alikuja kwa kupenda.

"Mwarimu, mimi naogopa sindano sana," akasema. "Kupenda sikupenda. Lakini Muthee, babako, ameniita, ningesema aje?"

Halafu akacheka, akanywa soda yake, akasema anarudi sokoni kabla vitunguu havijanyeshewa.

Sasa niwaambie nini wanafunzi wangu? Si jamaa yetu. Hakulipwa. Hakutaka. Mimi huchagua siku yangu, nikatoa, nikapiga picha na biskuti yangu mkononi, na leo sikuwa wa msaada wowote. Yeye hakuwa na hiari hata chembe, na dada yangu anapasuliwa asubuhi.

Na kitu kingine kimenijia nikiwa nimeshafika nyumbani: hakuuliza jina la mgonjwa. Wala ugonjwa wake, wala kama ni mwanamke au mwanamume. Ametoa bila kujua anampa nani, vilevile ninavyohubiri.

Makena ataingia chumba cha upasuaji kukipambazuka. Nimepiga magoti mara mbili nimwombee Makena, na mara zote mbili jina lililonitoka kwanza ni Mutwiri.