Tikiti la Baba Limepasuka

Dada Nadine mpendwa,

Huku Arkansas kuku wazima, na yale mashuka uliyotuletea niliyatumia kulifunika tikiti la baba lisiungue na jua. Lilikuwa limefikia ratili mia mbili na sitini. Baba aliniahidi kwamba likishapimwa kwenye mashindano ya matikiti makubwa atauza shamba, nami nije kwako Memphis nianze kazi.

Jumanne, baada ya wiki tatu za joto kali, mvua kubwa ilinyesha ghafla. Tikiti likanywa maji kupita kiasi, likapasuka.

"Usilie, binti yangu," baba akasema huku akiokota mbegu. "Mwakani tutapanda tena, mimi na wewe."

Nikamjibu, "Sawa, baba," nikamshikia bakuli.

Kile chumba ulichoniwekea, mpe mtu mwingine.

Mdogo wako,
Lurleen