Mto Nilioupindisha kwa Ajili ya Mzinga

Jumamosi, mwezi wa saba. Mbinga kuna baridi ya kuvalia kandambili na soksi, na ukungu umelala juu ya mikahawa tangu alfajiri. Nimekaa mbele ya meza tupu. Wiki iliyopita meza hii ilikuwa na kilima, mto, mashamba na vikosi viwili vya jeshi. Leo ina kikombe cha chai na chembe za mchanga.

Uwanja wangu wa vita umechukuliwa na baraza la kata.

Ngoja nieleze. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina duka la steshenari karibu na stendi, na kila Jumapili alasiri napigana vita na shemeji yangu Aloisi, mdogo wa mume wangu. Vita vya mezani. Tuna askari wa plastiki, wale wanaouzwa sokoni kwa mifuko, tuna dadu, tuna futi ya fundi cherehani ya kupimia mwendo wa askari, na tuna sheria ambazo Aloisi alizitoa mtandaoni. Aloisi anafundisha fizikia sekondari, kwa hiyo anabishana hata na dadu. Mume wangu ni dereva wa lori la kahawa. Akiwa nyumbani hupita sebuleni taratibu, kama mtu anayepita msibani, akaenda kulala.

Askari unaweza kuwanunua. Ardhi lazima uijenge mwenyewe, na raha yangu iko hapo. Sitaki kununua kitu. Natumia maboksi ya karatasi za fotokopi, gundi ya uji wa muhogo, maganda ya kahawa kutoka mashineni, dodoki lililopakwa rangi ya kijani, na kandambili zilizokatika, ambazo ukizichana kwa wembe zinatoa miamba mizuri ajabu.

Halafu siku moja nilikuwa natupa trei ya mayai. Nikaigeuza, nikaiangalia, nikakaa chini.

Ilikuwa ni ngolo. Yale mashimo ambayo Wamatengo huchimba kwenye miteremko, safu kwa safu, ili mvua isiondoke na udongo, yalikuwamo yote kwenye trei, tena yamenyooka kuliko ya shambani. Mimi ni Mnyasa wa Liuli, kando ya ziwa, niliyeolewa huku mlimani. Ngolo zimeniumiza mgongo tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Sasa zilikuwa mikononi mwangu, nyepesi, bila jembe.

Nikaamua kujenga kilima cha ukweni.

Nyumba ya baba mkwe niliitengeneza kwa boksi la dawa ya meno. Barabara ilihitaji mchanga, na mama yangu akanitumia wa ziwani kwa basi, ndani ya kiroba kimoja na usipa wakavu, dagaa wa kwetu. Mchanga ulifika na harufu yake. Paka wetu alikula nusu ya barabara kabla gundi haijakauka.

Ukabaki mto. Upo mto mdogo unaoshuka kati ya shamba la baba mkwe na la jirani yake, Mzee Hyera. Kusema kweli sikuwa na hakika unapita wapi hasa. Huwa nauvuka nikiwa na mzigo kichwani, naangalia miguu yangu. Lakini kivita nilijua ninachokitaka. Nilikuwa na mzinga mmoja, na vifaru vya Aloisi haviruhusiwi kuvuka maji mpaka dadu itoe sita. Nikachukua mfuko wa plastiki wa bluu, nikaupindisha mto kushoto, ukauzunguka mzinga wangu. Ulipendeza.

Nilishinda pia, niseme tu.

Jumapili baada ya misa baba mkwe akaja. Nikamwamkia, akaitikia, akaketi, kisha akauona mlima wake juu ya meza. Akainuka. Akauzunguka, mikono nyuma. Alipofika kwenye mto akainama mpaka nikaogopa kofia itaangukia bondeni.

"Huu mto umeuweka mwenyewe?"

"Ndiyo, baba."

"Hakuna aliyekuelekeza?"

"Hakuna, baba."

Akajinyoosha. "Mama Upendo," akasema, "wewe umesoma."

Huyu ni mtu ambaye miaka yote hii huniuliza kama nimezoea kula chakula kisicho na miba. Nililewa sifa. Jumanne asubuhi alipotuma bodaboda kuazima kilima, nilikifunga mwenyewe kwa khanga mbili, nikamsihi dereva aendeshe kama amebeba bibi harusi. Nilidhani baba anakwenda kuwaonyesha wazee wenzake.

Aloisi akanipigia simu muda si mrefu. "Shemeji, baba amekwenda na nini barazani?"

Nikamwambia.

"Leo ndiyo shauri lake na Mzee Hyera," akasema. "La mto."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mpaka wa mashamba yale mawili ni mto, na mto ulihama mvua kubwa ziliponyesha. Kila mzee ana mahali anapodai ndipo unapostahili kuwa, na kati ya mahali hapo pawili pana kipande cha ardhi ambacho wamekigombea mpaka wakaacha kusalimiana. Na mimi, kwa sababu ya mzinga mmoja wa plastiki, nilikuwa nimempa baba mkwe kipande chote.

Nilifunga duka, nikapanda bodaboda.

Barazani kilima kilikuwa juu ya meza kubwa, mikahawa yake nusu imedondoka njiani, chumba kizima kinanuka usipa. Mwenyekiti, mama mmoja mwalimu mstaafu, alikuwa amevaa miwani yake ya kusomea. Baba mkwe alikuwa anaonyesha kwa njiti ya ufagio.

"Aliyetengeneza hana upande," alikuwa anasema. "Si Mmatengo hata kidogo. Ni mtu wa ziwani."

Mzee Hyera akanyoosha mkono. "Mheshimiwa mwenyekiti, nina swali. Kwenye shamba langu hapa, ndani ya ngolo, kuna mtu amelala kifudifudi ameshika bunduki. Huyu naye ni shahidi?"

Mdunguaji wangu. Nilimgandisha kwa gundi nikamsahau.

Mwenyekiti akaniona mlangoni. Akaniuliza kama ni mimi niliyetengeneza, nikasema ndiyo. Akaniuliza kama mto niliupima.

Baba mkwe akanigeukia. Alinitazama kwa upole ambao sijawahi kuuona usoni mwake, kama mtu anayemtazama mwanawe siku ya mahafali. Nakiri hapa kwamba jibu la uongo lilishafika mdomoni. Lingenifaa maisha yangu yote ya ukweni. Kisha nikamwona Mzee Hyera, ameshika kofia yake kwa mikono miwili, anasubiri.

"Hapana, mheshimiwa," nikasema. "Sikupima. Niliupindisha ili vifaru vya shemeji visiufikie mzinga wangu."

Karani akaacha kuandika. Akamtazama mwenyekiti. "Niandike vifaru?"

"Andika," akasema mwenyekiti.

Mjumbe mmoja akatoka nje kukohoa, na kikohozi chake kilisikika kwa muda mrefu. Mwenyekiti akavua miwani, akasema ukiacha mto, kilima anakitambua vizuri, na kwamba kazi ya baraza ni kusuluhisha. Kwa hiyo wazee wote wawili waende nyumbani kwangu, wakae na kilima hiki mpaka mto uwe mahali wanapokubaliana, kisha warudi nacho. Baba mkwe akavaa kofia, akapita mbele yangu, akatoka.

Jumatano nilimkuta njiani. Nikapiga goti, "Shikamoo, baba." Akakohoa.

Nilirudi dukani, nikajifanya natengeneza mashine ya fotokopi, nikalia. Sikujuta kwamba nilisema kweli. Nililia kwa sababu alinijivunia kwa siku mbili, na zilikuwa siku nzuri.

Alhamisi walikuja. Walikaa pande mbili za meza, kila mmoja upande wa shamba lake. Niliwawekea chai, gundi na mkasi, nikasimama pembeni kama mhudumu wa hoteli.

Mwanzoni walikunywa chai tu. Kisha Mzee Hyera akashika mkahawa wa dodoki kwa vidole viwili. "Hivi huu ni mkahawa au ni kabichi?"

Baba mkwe alijaribu kujizuia, akashindwa. "Na zizi langu amelielekeza bondeni. Ng'ombe watanywa mvua."

Kuanzia hapo walikuwa kitu kimoja, na kitu hicho kilikuwa dhidi yangu. Njia ya kisimani nilikuwa nimeipitisha chooni kwa watu. Mteremko wa juu ulikuwa mkali mno, wakaniambia niukate, nikaukata. Wakaniuliza kwetu ziwani watu wanalima wakiwa wamelala au vipi. Sijawahi kusemwa kiasi hicho na watu waliofurahi kiasi hicho.

Kisha wakafika kwenye mto. Kila mmoja akashika plastiki ya bluu akaivutia kwake. Ikachanika.

Wote wawili wakabaki na kipande cha mto mkononi.

"Weka vyote," baba mkwe akaniambia. Hakunitazama, lakini aliniambia mimi. "Ulipita hapa. Sasa unapita pale. Vyote ni kweli."

Nikaigandisha mito miwili, wa zamani na wa sasa. Katikati kikabaki kile kipande cha ugomvi. Mzee Hyera akakipima kwa vidole. Kilikuwa vidole viwili, kimoja chembamba.

"Ni hapa tu?" akauliza.

Baba mkwe akaangalia kwa muda. "Shambani panaonekana pakubwa."

"Panaonekana pakubwa kwa sababu ya kupanda mlima ukiwa na hasira," Mzee Hyera akasema.

Wakakubaliana kupanda majani ya ng'ombe hapo, yashike udongo, kila mmoja akate upande wake. Nilichana dodoki jipya, nikayapanda wakiwa wananisimamia. Walinirudisha mara mbili kwa sababu ya nafasi kati ya shina na shina.

Jana wamekirudisha kilima barazani. Mwenyekiti amekikubali, karani amekipiga muhuri kwenye paa la nyumba ya baba mkwe, na kimewekwa juu ya kabati kama kielelezo. Nilipoomba nirudishiwe, karani alisema kielelezo hakitoki. Mdunguaji wangu yumo humo humo. Labda atastaafu huko.

Leo asubuhi nilikuwa nafagia uani nikawaona wazee wawili wanakuja pamoja kutoka kwenye ukungu. "Shikamooni," nikasema.

"Marahaba, mama," akasema baba mkwe. Akaniletea trei tupu za mayai, rundo zima, zimefungwa kamba. Nilizipokea kwa mikono miwili.

Kumbe zilikuwa na sababu. Habari zimeenea mlimani. Kuna ndugu wawili hawaelewani kuhusu kisima, na kuna mjane ambaye jirani yake analima akisogea kila msimu. Wote wanataka kilima. Wazee wamekuja kunipangia zamu.

Niliwaambia hapana, kwa heshima zote. Wenye mipaka waende barazani, mimi nina vita Jumapili. Nikawaambia uwanja wangu ujao utakuwa mwezini, mahali ambapo hakuna mtu aliyezaliwa, aliyeoa wala aliyerithi.

Baba mkwe akalifikiria jambo hilo kwa makini, mikono nyuma. Kisha akaniuliza mwezini ni kata ipi.

Kesho nitaanza kukata maboksi baada ya misa.