Wameweka sabuni kwa breki

Aoko, uko? Nimeponea saa hii hii!

Nilikuwa nateremka kilima cha Gatuanyaga na ile lori kuukuu ya jeshi baba alinunua mnadani, tenki imejaa maji ya wateja. Nakanyaga breki, pedali inaenda mpaka chini. Nakanyaga tena. Hakuna kitu!

Imekula fensi ya kanisa, ikapanda mchanga wa ujenzi ndio ikasimama.

Nimempigia Wamalwa, fundi wetu. Ati, "Oili ya breki iliisha jana, nikajazia maji ya sabuni. Nilidhani mzee alikuambia."

Sabuni, Aoko. SABUNI!

Baba naye: "Hiyo lori haichagui oili. Sisi jeshini tulikuwa tunaweka sabuni siku zote."

Sasa watu wananiambia nishuke. Mguu bado umekanyaga breki. Najua haishiki chochote, lakini nashindwa kuutoa.