Mafuta Yetu Yameondoka na Jina Lake

El Hencha, Sfax
9 Mei 2025

Mpendwa Kaka Munji,

Salamu tele kutoka kwetu sote. Hujambo huko Montreal? Kifua kimepona? Sisi wazima, ila mama goti linamsumbua na hataki kusikia habari ya kupumzika.

Kaka, nina furaha isiyo kifani! Jana mafuta ya zeituni ya ushirika wetu yaliondoka bandarini kwenda Brazili, na kila kopo lina jina la El Hencha!

Wajua hali ilivyokuwa. Kiasi ambacho Ulaya inaruhusu kiingie bila ushuru kilijaa, na zaidi ya hapo ushuru wake unaua biashara. Matangi ya kinu chetu yakabaki yamejaa pomoni. Dalali Ferjani akaja na lori lake la tangi, akitaka yote kwa bei ya kutupa.

"Mlango wa Ulaya umefungwa, Shangazi," akamwambia Shangazi Shadlia, mwenyekiti wetu. "Niuzieni mimi, au myapikie sabuni."

"Basi tutaoga vizuri mwaka huu," shangazi akamjibu. "Geuza lori lako."

Tulicheka pale kinuni, lakini nyumbani hakuna aliyecheka. Mume wangu Hedi alishaanza kusema tuuze shamba la babu.

"Liuze na mimi nikiwemo!" nikamwambia. Tukanuniana siku nzima.

Shangazi akawazungukia wenye vinu wote wa wilaya, wakala kiapo: dalali hapati hata tone. Sisi wanawake tukajaza makopo kwa mikono, tukiimba nyimbo za harusi. Tukapeleka ya kuonjwa kila upande wa dunia. Wengi hawakuagiza hata kopo. Wabrazili wakaja wenyewe, wakachovya mkate wa tabuna uliotoka tanurini, wakatazamana, wakachovya tena!

Kontena la mzigo wao lilipotoka kinuni, Hedi alilikimbilia akipunga kofia kama mwendawazimu. Leo asubuhi nimemkuta anamwagilia miche mipya ya mizeituni.

Na Ferjani naye karudi, safari hii na bei nzuri! Shangazi kampa chai. "Kunywa, mwanangu, mafuta yamekwisha. Msimu ujao wahi, na ubavuni mwa lori uandike jina letu."

Msalimie wifi Latifa na mapacha. Mama anakuombea riziki pana na njia nyepesi ya kurudi nyumbani.

Dada yako akupendaye mno,
Raudha