Uzi Uliotolewa Sikioni mwa Rukia

Winnipeg, Kanada

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nianze kwa kuuliza goti lako, maana mdogo wangu Zuhura ameniambia linakusumbua unapoinama shambani. Je, mpunga umesimama tena baada ya yale maji? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, isipokuwa sikio moja, na sikio hilo ndilo lililonikalisha kuandika. Ningeweza kupiga simu. Lakini kosa langu lilipita kwenye simu, ulimi ukiitangulia fikra, na safari hii nataka kulipima kila neno kabla halijakufikia.

Matundu uliyonitoboa nikiwa mchanga yalijifunga nilipokuwa shule ya bweni, tulikokatazwa hereni. Mwezi uliopita nililitoboa upya sikio la kushoto katika duka moja la hapa mjini. Sijui hasa kwa nini. Labda ni upweke. Binti aliyenitoboa alinipa karatasi ya masharti: nioshe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, asubuhi na jioni, nisiliguse kwa mikono michafu, nisiogelee mpaka lipone. Nilicheka peke yangu. Ilikuwa kama kukusikia wewe, yakikosekana tu mafuta ya ufuta.

Siku ya tisa skafu ya sufu ilinasa kwenye hereni. Sikio likavimba, likawaka moto, likaanza kutoa majimaji. Nilirudi dukani vidole vikiwa tayari kwenye hereni, niivue. Yule binti akanishika mkono.

"Usiitoe. Ukiitoa, tundu litajifunga na usaha utabaki ndani. Nenda nayo hivyo hivyo kwa daktari."

Mama, niliuondoa mkono kwenye hereni. Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia kwako.

Mafuriko yalipowatoa Kilelengwani mkahamia mwinuko wa karibu na Garsen, Rukia wa Zuhura alikuwa bado na uzi uliomtobolea masikioni, vidonda vikiwa vibichi. Watoto wakachezea maji yale machafu, na sikio lake la kulia likatunga usaha. Zuhura akanipigia, simu ikiwa kwenye spika na wanawake wamewazunguka. Nikaamuru uzi ukatwe papo hapo. Wewe ukasema kwa upole, "Mwanangu, uzi usitoke. Ukitoka, mlango wafungwa na ubaya u ndani." Shangazi Mwanamvua akatania, "Haya, siku hizi sikio latibiwa kwa simu." Wakacheka, nami nikadhani nachekwa. Ndipo niliposema, "Mama, ni sindano yako iliyomharibu mtoto."

Zuhura akaukata uzi. Siku nne baadaye muuguzi wa Garsen alilazimika kulipasua sikio, na sasa pana kovu gumu ambapo hereni haiwezi kukaa.

Sidai kwamba leo nayajua yote. Huenda ni maji ya mafuriko tu, na sikio lingepasuliwa hata uzi ungebaki. Wewe nawe ulitufundisha kuuzungusha uzi kila asubuhi, na karatasi ya dukani yakataza kuzungusha. Daktari aliniandikia dawa na kuiacha hereni mahali pake, lakini sikio langu si la Rukia. Hata nikijitilia shaka kote huko, moja halitikisiki: siku ile sikujua lolote juu ya masikio. Shahada yangu ni ya udongo, Mama. Nilizungumza kama mtu aliyesomea kila kitu.

Sasa Zuhura ananiambia kichanga chake kimepita arubaini na hukitoboi. Kila mwanamke anayekuletea binti unamrudisha, ukisema, "Msomi wangu amesema sindano yangu yaharibu." Naye Zuhura anangoja neno langu. Neno hilo si langu kulitoa. Ukiamua kuacha, iwe ni kwa macho au mikono yako kuchoka, si kwa sababu yangu. Ukiamua kutoboa, naomba tu kila mtoto awe na sindano yake mpya, na sikio likivimba apelekwe zahanati uzi ukiwa ndani.

Zuhura, mdogo wangu, usimsomee Mama barua hii faraghani. Waite wanawake wale wale. Nilimvunjia heshima wakisikia. Na haya wayasikie.

Nisalimie Mjomba Jilo, mlinzi wa mpunga wetu dhidi ya ndege, na Shangazi Mwanamvua, ambaye utani wake ulikuwa na haki kuliko hasira yangu. Salamu za mwisho ni za Rukia. Mwambieni mama yake mkubwa anamwomba radhi. Sikio lilikuwa lake, na mimi sikumuuliza hata kama linamuuma.

Ni mimi mwanao, ambaye hereni bado imo sikioni mwake,
Mwanaidi