Cha Kwanza Kwenye Orodha

Jumamosi, 1 Julai
Mvua tangu alfajiri, hakuna kugema miti ya mpira leo. Bora! Nimekaa na daftari langu la vyuo. Binti yangu Jisna kashika nafasi ya 6,412 katika mtihani wa uhandisi, jimbo zima la Kerala! Nimewaambia watu wote kanisani, wengine mara mbili. Vyuo vitatu vinamfaa: cha hapa karibu, kilomita tisa, cha Thrissur, na cha Kannur, huko kaskazini, saa saba kwa treni. Nimechora safu: umbali, chakula, saa ya kufunga geti la bweni la wasichana. Lissy mke wangu kachungulia, kacheka. Eti safu ya masomo iko wapi? Ana maneno huyu!

Jumatatu, 3 Julai
Kannur. Mgongo umekwisha kwa safari. Chai yao naikubali. Mchuzi wa samaki nazi imezidi, lakini nimemaliza sahani mbili. Geti la wasichana — saa tatu na nusu usiku! Nimemuuliza mlinzi mara mbili, kanicheka. Halafu karakana. Fundi kamruhusu Jisna asogee kwenye mashine ya kukerezea vyuma, kampa kipande ajaribu. Nusu saa nzima nimesimama mlangoni nimeshika miavuli miwili. Katoka na grisi hadi sikioni, hana habari. "Baba, hapa." Basi, hilo tu. Nimejifanya sikusikia, nikaenda kununua korosho.

Jumatano, 5 Julai
Thrissur jana, cha karibu leo. Thrissur hakuna la kusema, chuo ni chuo. Lakini hiki cha karibu! Tumekwenda na kurudi wali haujaiva. Mlinzi ni binamu wa Lissy. Geti saa kumi na mbili na nusu. Jisna angekuwa analala nyumbani, anakula kwa mama yake. Jisna anasema ni kizuri. Sauti ileile anayosifia nayo magauni ya shangazi yake.

Alhamisi, 6 Julai
Jisna ana mafua, kanituma mimi kwenye kituo cha mtandao kwa Shyni, nikajaze orodha ya machaguo. Karatasi kaiandika mwenyewe: Kannur, Thrissur, cha karibu. Njiani nikawaza: tuweke kwanza kile cha uhakika, tamaa baadaye. Nikamwambia Shyni aanze na cha karibu. Kaacha kuandika. "Mzee, una hakika? Akipewa cha juu, vya chini vyote vinafutwa." Nikamjibu, mzazi hapa ni mimi au wewe? Akajaza. Nimerudi nimekula vibibi vitano, nimelala usingizi wa mtoto.

Jumamosi, 8 Julai
Mgao wa majaribio wa vyuo umetoka. Cha karibu!
Jisna kaangalia simu, kaangalia karatasi yake, kaniangalia mimi. Lissy kanivuta hadi nyuma ya nyumba, kwenye mashine ya kukamulia mpira. "Baba Jisna, una akili timamu kweli?" Nikasema nilitaka uhakika. "Uhakika wa nani?"
Heri mtoto angelia. Kaniletea chai, sukari sawasawa, kakaa kando yangu. Kasema huu ni mgao wa kujaribu tu, orodha inaweza kubadilishwa hadi Jumatatu saa kumi na moja jioni. "Baba, ukitaka nibaki nitabaki. Lakini niambie mwenyewe. Usipitie kwa Shyni."
Aibu! Mtu mzima mimi.

Jumapili, 9 Julai
Nimemwambia. Kwamba nataka abaki, ndiyo, kwa sababu nikirudi kutoka shambani asubuhi na yeye hayupo, nitamhadithia nani? Mama yake kashachoka na hadithi zangu. Jisna kacheka hadi kakohoa. Halafu nikamwambia apange anavyotaka, Kannur juu, na mimi nitakuwa sawa tu. Kanikumbatia! Mara ya mwisho alikuwa darasa la saba. Lissy kapika bata. Nimeshiba, nina furaha, na bado nimehesabu tena saa za treni ya Kannur: saba.

Jumatatu, 10 Julai
Saa kumi na robo jioni, kwa Shyni, sote watatu. Naandikia gotini. Foleni ilikuwa ndefu, tumefika mezani, Shyni kaiweka Kannur juu, kidole kiko kwenye kitufe cha kuhifadhi — umeme ukakatika! Kompyuta zii. Simu nazo hazina mtandao, mvua imeangusha sijui nini. Shyni anasema mabadiliko hayajaingia. Kwenye mfumo bado iko orodha yangu mimi, cha karibu juu.
Yaani nikikaa tu hapa, nisifanye lolote, ifike saa kumi na moja, mtoto atakula kwangu miaka minne.
Nimetoka mvuani bila mwavuli hadi ofisi ya umeme. Nimewagombeza. Wamesema mti umeangukia waya, mafundi wako juu. Nimewafuata mafundi! Mmoja kaniuliza kutoka juu ya ngazi, mzee, una mgonjwa nyumbani? Nimerudi nimelowa chapachapa. Lissy anasali rozari. Jisna anasema, "Baba, kaa basi." Siwezi kukaa.
Saa kumi na dakika arobaini na mbili. Taa imewaka! — imezima. Watu wote wamepiga kelele, umeme urudi. Ya kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, hata Jisna kageuka kunitazama.