Mjane Hunywa wa Kwanza

Jumapili, 2 Novemba 1997

Ijulikane kwa vizazi vyote vijavyo, na kwa panya watakaokula daftari hili: leo kanisa letu limepata beseni. La plastiki. Jekundu. Mzee Nyanda alilibeba mwenyewe mpaka mbele, akaliinua kwa mikono miwili, watu wakapiga makofi. Mchungaji Danford akaliombea. Beseni! Mimi ninayo manne nyumbani, hakuna aliyewahi kuyaombea hata siku moja.

Sababu ni kipindupindu. Hapa Bariadi hakijafika, lakini hofu imeshafika, tena imekaa benchi la mbele. Kuanzia leo tunanawa mlangoni kwa sabuni, na hakuna kupeana mikono. Kupunga tu. Sisi wanawake tuliozoea kupiga goti na kumshika mtu mkono kwa mikono miwili tulibaki tunapunga kama tunafukuza nzi.

Mzee Ngusa, aliyeokoka kutoka kwenye pombe, aliuliza sabuni ikiisha itakuwaje. Mzee Nyanda akamjibu, "Ngosha, mambo ya foleni za sabuni yalishapita. Siku hizi sabuni iko kila duka." Kweli. Siku hizi kila kitu kipo. Ibada ilipokwisha tukakuta sabuni haipo. Mtu ameondoka nayo.

Alhamisi, 6 Novemba

Evalina amerudi kutoka Lamadi. Amefikia nyumba ya marehemu mama yake, ukuta kwa ukuta na cherehani yangu.

Habari zake zilimtangulia. Mzee Nyanda ananunulia pamba kampuni moja ya watu binafsi, na gari lao lilipita Lamadi. Aliporudi akasimama dukani akasema kule watu wanahara vibaya, na Marcelo mume wa Evalina, yule mchuuzi wa samaki, amekufa, wameshamzika. Alisema yote kwa pumzi moja. Hakuna aliyemwomba apumue katikati.

Amekuja na furushi kichwani na mtoto mgongoni. Mtoto anaitwa Goodness. Akaniona mlangoni.

"Mwangaluka, dada."

"Mwangaluka."

Mkono wake ukaja. Nikaushika. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikanawa, mara mbili, kwa sabuni ya kufulia, asinione. Sijisifu kwa la kwanza, sijilaumu kwa la pili.

Jioni akafagia uwanja. Akatandika mkeka. Ndivyo ilivyo kwetu: watu huja, hukaa chini, mfiwa huulizwa na husimulia marehemu alivyoondoka, watu hulia, hunywa uji. Hakuja mtu. Mtaa wetu mzima wa Somanda ulikuwa na kazi leo. Mimi nilikuwa na sare za kwaya za kumalizia.

Giza lilipoingia nikasikia anakunja mkeka.

Jumapili, 9 Novemba

Evalina alikaa benchi la tatu. Aliowakuta hapo wakakumbuka, mmoja baada ya mwingine, kwamba wanaona vizuri zaidi wakiwa nyuma. Mwishoni benchi zima lilikuwa lake na Goodness. Walikaa kama wakuu wa wilaya.

Alikuwa ndiye anayeanzisha nyimbo kabla hajaolewa. Sauti ile! Ukiwa unapika unaacha chungu. Thomasi, mwalimu wa kwaya, alimfuata nje, akasimama mbali kama mtu anayeongea na ng'ombe mkali: "Pumzisha sauti kwanza, shemeji. Una majonzi." Evalina akamjibu kwamba majonzi ndiyo yanaimbika. Thomasi akapunga mkono, akaondoka.

Halafu akamwendea Mchungaji. Nilikuwa nafunga madirisha, na madirisha yetu yana sifa ya kufungika polepole. Anaomba arudishwe.

Hili niliandike, maana makanisa mengine hayana. Zamani mjane wa Kisukuma alifanyiwa mambo kabla hajarudi kwa watu, mambo ambayo wamisionari waliyaita ya giza. Mama zetu walipookoka wakaona hawawezi kumwacha mjane akining'inia, wakatengeneza ya kwao. Siku ya Meza ya Bwana mjane hupelekwa mbele, wanawake humwekea mikono mabegani, na yeye hunywa wa kwanza. Kabla ya wazee, kabla ya Mchungaji. Wote tunakunywa baada yake, kikombe kilekile. Halafu tunakwenda kwake kula. Imekwisha. Anauza sokoni, anaingia kwa watu, watu wanaingia kwake. Asiponyweshwa, hata mchicha wake haununuliwi.

Evalina anataka kuuza samaki. Ana mtoto na furushi, basi.

Mchungaji akamwambia wataomba.

Jumatatu, 10 Novemba

Mke wa Thomasi alikuja kupima gauni. Akauliza kama upepo unatoka kwa Evalina kuja kwangu au unatoka kwangu kwenda kwake. Nikamwambia asubuhi unakuja, jioni unakwenda. Akaenda kupimwa uani.

Jumatano, 19 Novemba

Baraza la wazee. Mimi ndiye mwanamke peke yangu barazani, kwa hiyo mimi ndiye chai. Chai na michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa. Kila mtu amekuja na kikombe chake kutoka nyumbani. Cha Mzee Nyanda kina mfuniko.

Ajenda: Evalina. Mzee Nyanda alisema hawezi kunywa wa kwanza, hilo liko wazi, tutakunywa baada yake kanisa zima. Mzee Ngusa akasema basi tusubiri ugonjwa upite. Wakasema hapana, Meza haiwezi kusubiri, watu watadhani hatuna imani. Kwa hiyo, akasema Mzee Nyanda, huku akiangalia pande zote kama aliyegundua maji, anywe wa mwisho!

Wote: eee, wa mwisho. Mchungaji naye akatikisa kichwa kukubali. Hapo nikamimina chai na kuuliza, kwa upole tu, nani anamalizia kinachobaki kikombeni.

Anayemalizia ni Mchungaji. Damu ya Bwana haimwagwi chini, yeye hukigeuza kikombe mpaka tone la mwisho mbele yetu sote.

Mchungaji akaweka mchembe wake chini. "Tusiharakishe, wapendwa," akasema. "Roho bado hajatuonyesha njia."

Roho akamwonyesha kabla chai haijapoa. Vikombe vidogo! Kila mtu chake, kama makanisa ya Dar. Mzee Nyanda anakwenda Mwanza kwa mambo ya pamba, atanunua.

Nilijiona mjanja kwa swali langu. Mjanja kweli. Nilifikiri watamwacha anywe kama wajane wote. Nimewafungulia duka.

Lakini la kuchefua lilikuja mwisho. Nani atamwambia Evalina kwamba hatanywa wa kwanza, na kwa nini? Mchungaji akasema kumtajia ugonjwa ni kumwumiza, na sisi ni watu wa upendo. Mzee Nyanda akakumbuka kwamba Evalina na Marcelo hawakufunga ndoa kanisani. Walitoroshana tu, mahari ikafuata baadaye. "Basi tumwambie ni nidhamu ya kanisa," akasema. "Hilo halimwumizi mtu."

Nusu ya waliokuwa pale hawajafunga ndoa kanisani. Wakaitikia amina.

Ijumaa, 21 Novemba

Mchungaji amekwenda kumwambia. Alisimama njiani, akaongea kupitia juu ya ua wa minyaa. Evalina alikuwa amepiga magoti upande wa pili, ameinamisha kichwa, anapiga makofi ya heshima polepole. "Ndiyo, baba. Ndiyo, baba. Nimekosa." Goodness naye akapiga magoti, akamwiga mama yake, akapiga makofi.

Nilikosea mshono. Mkono mmoja wa shati nimeuweka kinyumenyume.

Jumamosi, 6 Desemba

Mvua. Matope mpaka ndani ya kanisa. Vikombe vimefika.

Ni vigilasi vya kioo, vinene chini, na kila kimoja kina mstari mwekundu wa kupimia. Mzee Nyanda akavipanga kwenye meza ya Bwana, akarudi nyuma kuvitazama. Mzee Ngusa akachukua kimoja, akakiweka kwenye mwanga, akatabasamu kama mtu aliyekutana na shemeji yake stendi.

"Hawa nawafahamu," akasema. "Tumelala nao chini ya meza moja."

"Ni vya kupimia dawa, mzee," Mzee Nyanda akamjibu.

"Ndiyo, baba. Hata mimi nilikuwa natumia kama dawa."

Mchungaji akaviombea sana. Zaidi ya beseni.

Likaja suala la kigilasi cha Evalina. Kisije kikachanganyika na vya watu. Mzee Nyanda akapendekeza kiwekewe alama. Wakanigeukia. "Mama Shija, wewe ni fundi, huwezi kukosa uzi. Tupe mwekundu, uonekane kwa mbali."

Nilikuwa nao mfukoni, kweli. Ningeweza kusema nimeusahau. Nikautoa. Nikaukata mwenyewe, kwa meno. Nikaufunga mwenyewe, fundo zuri, fundo la fundi.

Kinywa changu bado kina ladha ya uzi ule. Nimesukutua kwa chumvi, wapi.

Jumapili, 7 Desemba

Meza ya Bwana.

Evalina alikuja na kitenge cheupe na bluu, amemsuka Goodness mabutu. Tangu alfajiri nilisikia anasonga ugali. Harufu ya sangara wa kukaangwa ilipita ukutani. Amepika chakula cha kurudishwa. Sufuria kubwa, aliazima kwangu. Nilimpa bila kumwangalia usoni.

Walimwekea kiti mlangoni. Pembeni yake kigoda, juu ya kigoda kigilasi chenye uzi. Kwa nje ilionekana kama heshima. Kiti cha peke yake!

Tulikunywa. Juisi ya choya, tamu, vijiko viwili hivi. Thomasi alikunywa akatupa kichwa nyuma, pap! Watu wakacheka, naye akajifanya anakohoa. Mzee Ngusa hakukunywa. Alikishika kile kigilasi, akakitazama, akakirudisha mezani kikiwa kimejaa, akatoka nje kwenye mvua. Hakuna aliyemfuata. Tulijali kipindupindu tu leo.

Wa mwisho, Evalina. Mchungaji akanyoosha mkono kutoka madhabahuni, kanisa zima likiwa katikati yao, akabariki kwa mbali kama anayesimamisha basi. Kwa desturi wanawake tungekuwa tumemwekea mikono mabegani. Tulikuwa tumekaa. Mimi nilikuwa nimekaa. Mikono yangu ilikuwa mapajani, safi, imenawa.

Evalina akanywa. Akafumba macho muda mrefu. Akarudisha kigilasi kwenye kigoda taratibu, kama yai.

Mzee Nyanda akakunja gazeti, akakishika kigilasi kwa gazeti, akakibeba akiwa amekinyoosha mbele yake kama mtu aliyeshika mkia wa panya, akapita mbele ya Evalina, akaenda chooni. Mvua ilikuwa imepungua. Tulisikia kinavyogonga ukuta wa shimo, halafu chini.

Evalina akauliza, hakupaza sauti: "Sasa nimerudishwa, Mchungaji?"

"Tuko pamoja katika roho, binti yangu."

Katika roho. Miguu yao wote ilikwenda nyumbani. Nilisimama pale nje nikawaona wanafika kwenye njia panda, ya kushoto ni kwa Evalina, wanakata kulia. Mmoja mmoja. Wamama niliowashonea kwa mkopo, wenye kulia kwenye maombi mpaka wanagaragara. Mzee Nyanda akanipungia. Nikatema mate. Matope yalikuwa mengi, hakuna aliyejua natema nini.

Nikakata kushoto.

Mkeka ulikuwa umetandikwa ndani kwa sababu ya mvua. Ugali mlima mzima, umeanza kupasuka juu. Sangara ameshapoa. Goodness alikuwa amekaa amenyoosha mikono aliyokwisha kuinawa, anasubiri wageni. Alishaambiwa asiguse mpaka wafike.

"Karibu, dada. Wengine wako nyuma?"

"Mvua," nikasema.

Haikuwa inanyesha.

Nikanawa, nikamega, nikala. Nilikuwa naogopa, ndiyo. Kila tonge nililisikia likishuka. Nikala la pili. Evalina akaanza kula pale tu aliponiona nimemeza. Samaki alikuwa mtamu, sijui kwa nini naliandika hili.

Akasema anashukuru kanisa. Aliogopa watamfukuza kabisa. Kosa la ndoa analijua, walisema na Marcelo kila mwaka kwamba watafunga, kila mwaka bei ya samaki inaanguka. "Lakini dada, nikuulize wewe, maana wewe uko barazani. Hii adhabu ya ndoa ni ya muda gani? Jumapili ijayo watu watanikaribia? Nimezungumza na mtu wa dagaa, ananiletea Jumatano. Wasiponunua naoza nao."

Nilitaka kumwambia. Maneno yakafika mpaka kwenye meno, yakakuta uzi. Nikaona nizunguke, nianzie mbali, nianzie kwa marehemu. Na hapo ndipo niliposhtuka: sijawahi kumpa pole. Mwezi mzima, ukuta kwa ukuta.

"Pole na Marcelo, mdogo wangu," nikasema.

Akaacha kula. Machozi yakaja hapohapo, kama yaliyokuwa yamesimama mlangoni yanasubiri kuitwa. Akasema asante. Akasema mimi ndiye wa kwanza.

"Aliumwa muda mrefu?"

Akanitazama kama niliyemuuliza samaki ana miguu mingapi.

"Hakuumwa, dada. Aligongwa na lori."